Ukurasa wa Birika la Shangazi

Mvua ndiyo iliyomsukuma Sharubati ndani ya duka la vitabu, maana kwa hiari yake hangeingia mahali ambapo maneno huuzwa yakiwa yameandikwa. Yeye ya kwake aliyauza moja kwa moja kutoka mdomoni. Waliompa jina hilo walisema kauli zake hushuka kooni kabla hujauliza zimekorogwa kwa maji ya wapi. Aliwahi kumuuzia mtu mzima, mwenye akili zake, miwani isiyo na vioo, kwa hoja kwamba vioo ndivyo vinavyoharibu macho.

Duka lilikuwa la Mama Vitabu. Rafu ya mbele aliijaza miongozo mitupu: kushoto miongozo ya wasafiri, kulia miongozo ya wale viumbe wa ajabu wanaokusanya vitu, stempu, vifungo, kufuli, hata mabirika ya chai. Wakati huo alikuwa akimshauri mteja.

"Usichague kwa jalada, baba. Jalada ni suti ya bwana harusi, huenda kaazima. Fungua, utazame mwaka kilipochapwa. Halafu utafute kama mwandishi ametaja choo."

"Choo?"

"Ndiyo, choo. Aliyefika mahali lazima aliulizia choo. Asiyekitaja, huyo kaandika safari akiwa sebuleni kwake."

Sharubati alicheka kimoyomoyo. Juzi tu alikuwa amemuuzia shangazi yake mwongozo wa wasafiri, mzee kuliko jalada lake, kwani jalada alilibandika mwenyewe. Ndiyo, alimuuzia. Shangazi aliyemlea tangu ana meno ya maziwa, aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya kwanza maishani mwake ya kwenda kutembea tu, bila msiba wala mgonjwa. Hata mimi ninayesimulia nimeona haya, lakini yeye hakuona.

Basi mvua ikiwa inaendelea, akaingia daktari wa meno. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: pesa nyingi na mkono mzito. Alikusanya mabirika. Akisikia kuna mjane, alikuwa wa kwanza kwenda kumpa pole, na wakati midomo ikitoa pole macho yalikuwa yakipekua kabati. Alitoka na birika la marehemu kwa bei ya mkate. Sasa alichomoa mwongozo wa mabirika rafuni, akausoma kwa kusimama, akalinganisha picha na kibirika alichokificha ndani ya koti, akatabasamu, akaurudisha.

"Daktari, leo unanunua?" Mama Vitabu aliuliza.

"Bado nachunguza, mama."

"Mwaka wa ngapi huu unachunguza!"

Sharubati alisahau mvua. Mtu asiyeamini macho yake, akaamini kitabu, na tena kitabu asichotaka kukinunua! Ubahili kama huo ni mlango ulioachwa wazi, na yeye hakuwahi kupita mlango wazi bila kuchungulia.

Alihitaji birika lisilofanana na jingine, na alijua lilipo. Juu ya kabati la Shangazi lilikaa birika la shaba lenye mkono wa umbo la ndege, shingo kaipinda nyuma kama aliyeitwa. Halikuwahi kutiwa maji. Kila wiki Shangazi alilipangusa vumbi na kusema, "Hili msiliguse, ni la marehemu mume wangu," na Sharubati alikua akiliogopa kuliko fimbo.

Moyo ulimsuta kidogo, lazima tuseme ukweli. Ulimsuta kuanzia dukani hadi kwa fundi wa kadi za harusi, hapo ukachoka. Fundi alimchapia ukurasa mmoja wenye picha ya birika lile na maelezo aliyoyatunga Sharubati mwenyewe: kwamba ni kazi ya sonara wa kifalme, kwamba halionekani hovyo, na bei yake, hapo akaachia mkono. Mwishoni akaongeza utamu: yalitengenezwa mawili, dume na jike, na aliyeyapata yote hana wa kushindana naye. Sharubati hakujua kunyamaza, hata kwenye karatasi.

Akarudi dukani akijifanya anatafuta kitabu cha kufuga kuku. Mama Vitabu alipopanda ngazi kukitafuta, ukurasa ukabandikwa katikati ya mwongozo wa mabirika. Ulikuwa mweupe kuliko wenzake. Kuku hawakununuliwa.

Siku ya safari ya Shangazi, alimbebea begi hadi nje.

"Mwanangu, kitabu kinasema mabasi yanaondokea stendi ya nyuma ya soko."

"Kama kimesema, Shangazi, kimesema. Nenda ukapumzike, usiwe na haraka ya kurudi."

"Na birika langu?"

"Shangazi! Mimi wa kuambiwa?"

Alipopotea kwenye kona, Sharubati alishika shavu na kwenda kwa daktari wa meno. Akalala kwenye kiti kile kirefu akapanua mdomo. Daktari akamgongagonga kwa chuma.

"Hili la nyuma lina tundu. Ling'olewe."

"Aa, limeshapoa," alisema Sharubati upesi. "Maumivu yangu ni ya mawazo tu, daktari. Shangazi kaniachia nyumba niisafishe, na kuna takataka mpaka juu ya kabati. Kuna birika moja la ndege kageuza shingo, sijui nimpe muuza vyuma chakavu..."

Chuma kilianguka sakafuni.

"Ndege? Kageuza shingo upande gani?"

"Upande wa nyuma. Mbona umetoka jasho?"

"Ni joto. Usimpe mtu. Nitapita hapo kwenu, tu, kusalimia."

Lakini kwanza alipita dukani kuhakikisha alichokwisha kukisoma. Alisoma ukurasa ule kwa kusimama, akausoma tena na tena, hata Mama Vitabu akamletea kiti. Akakikataa, asije akadaiwa kodi.

Kabla ya jua la utosi alikuwa sebuleni kwa Shangazi, birika mezani, bahasha nene mkononi. Alianza kwa kulisikitikia. Shaba ni hafifu, ndege ana kasoro, angelichukua kwa huruma tu. Alitaja bei ambayo haikufika hata kucha ya ile ya kitabuni. Sharubati, ambaye kwa birika lile angepokea hata robo ya hiyo, alijifanya ameumia.

"Daktari, hii ni kumbukumbu ya familia."

"Asubuhi ilikuwa chuma chakavu!"

"Asubuhi sikuwa nimeliangalia vizuri. Limenitazama na lenyewe, nikalia."

Walikuwa wamekaribia kupeana mikono mlango ulipofunguliwa. Shangazi aliingia na begi lake, viatu vimejaa vumbi.

Sharubati aliganda. "Shangazi! Basi limeharibika?"

"Basi gani, mwanangu? Stendi ya nyuma ya soko ilihamishwa zamani. Pale sasa wanauza matairi. Nimekaa juu ya tairi na kitabu chako mkononi nikingoja, mpaka mwenye matairi akaniuliza kama nami nauzwa."

Halafu macho yake yakatua mezani. Sharubati alifumba ya kwake, akangoja mbingu imwangukie. Badala yake akasikia kilio.

"Ndege wangu! Birika la marehemu! Daktari, umekuja kuninyang'anya mume mara ya pili?"

"Sivyo, mama, mimi nilikuwa nasaidia..."

"Kwa bei gani?"

Daktari akaitaja kwa sauti ndogo. Shangazi akalia zaidi, akijishika kiuno.

"Mimi sikusoma, lakini nasikia kuna kitabu chenye bei za haki. Nenda ukakinunue ukilete hapa. Kikisema bure, chukua bure. Na usiende kukisomea dukani, nataka nikione kwa macho yangu."

Daktari alitazama birika, akatazama mlango, akahangaika kama mtu anayeng'olewa jino. Hatimaye akatoka mbio. Naam, siku hiyo alinunua kitabu. Aliporudi nacho, Shangazi alikifungua moja kwa moja penye ukurasa mweupe, akaweka kidole kwenye bei, asiondoe. Bahasha ya kwanza haikutosha, daktari akaenda kuleta ya pili. Shangazi alimsindikiza mpaka nje, wakanong'onezana, na Sharubati dirishani akaona bahasha ya tatu ikihama mkono. Hakuielewa. Alidhani ni pole.

"Shangazi," alianza Sharubati alipomwona anaingia, sauti yote asali, "kama familia tunaweza kukaa tukagawana..."

"Kaa."

Akakaa.

"Nikitoka kwenye matairi nilipita kwa Mama Vitabu kutafuta kitabu cha kweli. Akaniambia, mwanao alikuja kuulizia kuku, akaniachia ukurasa wenye picha ya birika lako, gundi haijakauka. Nikausoma wote."

"Si umesema hukusoma?"

"Na wewe si ulisema utalilinda birika?"

Ndipo moyo wa Sharubati, uliochoka kwa fundi wa kadi, ukaamka ukamsuta upya. "Nisamehe, Shangazi. Nimeuza kumbukumbu ya mjomba."

Shangazi alimwangalia, hasira ikamlegea akaanza kucheka.

"Lile nilipewa bure na muuza mabeseni, nilipochukua mabeseni mengi. Nikaliweka juu nikasema ni la marehemu, ili mkono wako mrefu ukianza kazi uanzie pale. Alilonunua marehemu ni lile jeusi jikoni. Umelinywea chai maisha yako yote."

Akaingia jikoni, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa kanga, akakitia kwenye begi. Kutoka kwenye mkoba akachomoa mwongozo mpya, akauonyesha ndani.

"Mwaka huu huu. Na huyu ametaja vyoo vyote." Ule wa zamani akamwekea mapajani. "Wewe safiri na huu."

Akamshika kichwa, akamuaga kwa upendo wote, akaondoka na bahasha zake.

Sharubati hakukaa peke yake sana. Mlango uligongwa, akaingia daktari wa meno, uso unang'aa, mkoba wa kazi mkononi.

"Nimekuja kumchukua jike."

"Jike gani?"

"Pacha wa ndege! Kitabu kimesema ni mawili. Shangazi yako kaniambia la pili unalitunza wewe, na nimeshamlipa."

Bahasha ya tatu! Sharubati aliomba dakika moja, akakimbilia jikoni. Birika ni birika, lile jeusi likisuguliwa kwa majivu na kuelezwa vizuri lingeweza kuwa jike wa mtu. Juu ya jiko palikuwa na duara la masizi tu.

Alirudi akitabasamu, akavuta pumzi, akafungua mdomo kuanza hadithi ndefu.

"Ehee," alisema daktari, akimsogeza kwenye kiti na kufungua mkoba. "Lile la nyuma bado lipo. Panua hapo hapo. Nikimaliza utaniambia birika liko wapi."

Akapanua. Chuma kikaingia, mdomo ule uliouza miwani bila vioo ukabaki wazi, na kwa mara ya kwanza hapakutoka hata neno moja la kuuza.