Msimamizi wa Amerika na Mfuniko wa Jadida

Amerika ina rais, ina mabunge mawili, ina majeshi ya nchi kavu na ya baharini. Lakini mtu anayeisimamia hasa anakaa Jadida, Wete, na safari yake ndefu kabisa ni ya Tanga, alipokwenda kung'oa jino!

Jina lake Suhail. Sisi tukimwita Msimamizi.

Mie ni Seif, fundi cherehani. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la Jigar, na baraza hiyo hiyo ndiyo Suhail aliyoifanya ofisi. Kila siku baada ya sala ya alasiri anakuja, anakunja miguu, anaanza kutusomea maovu ya Amerika. Wengine wakichoka huondoka. Mie nitaondoka vipi, nimefungwa na suruali za watu?

"Yakhe," anaanza, "jana kaitwa mkubwa wao mmoja mbele ya Bunge. Kaulizwa, lile jambo lilikuwaje? Unajua kajibu nini?"

"Kajibu nini?" anauliza Jigar, maana mwenye duka hamkatizi mtu aliyekaa karibu na biskuti.

"Kasema, swali zuri! Halafu kanywa maji. Halafu kaishukuru familia yake. Alipobanwa sana kasema hakumbuki! Mtu mzima na tai yake, ana wasaidizi kama siafu, hakumbuki!"

"Na waandishi wa habari walisema nini?"

"Hao! Hao ndio wachafu zaidi! Stesheni moja inakwambia mvua inanyesha, ya pili inakwambia jua kali, na hakuna hata mmoja aliyefungua dirisha akachungulia! Wanakaa wanane meza moja wanapigiana makelele. Wakimaliza, umejua rangi za tai zao, lililotokea hulijui!"

Na wallahi alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonikera. Mwongo ukimchoka unampuuza, lakini mtu anayesema kweli kila siku, kwa sauti ile, kuhusu mahali usipopajua, unalazimika kuitikia kwa kichwa huku unashona.

"Uwajibikaji, Fundi Seif!" huwa ananipigia kelele sikioni. "Mtu akipewa amana ajieleze! Amerika hawana hilo!"

Basi mtaa ulipotafuta mtu wa kutunza vyombo vya shughuli, tulimtafuta nani mwengine? Tukampa masinia, majamvi, miiko, na lile sufuria kuu linalopika pilau la harusi zetu na hitima zetu zote. Mfuniko wake peke yake mpana kama meza, na umeandikwa JADIDA kwa rangi nyekundu, kwa sababu chombo cha shughuli kisicho na alama huolewa mtaa mwengine, talaka yake huioni.

Siku hiyo Suhail alitoa hotuba. "Kwangu mie," akasema, mkono kifuani, "hata kijiko kitajieleza!"

Tukampigia makofi. Mie nilipiga mengi, Mungu anisamehe.

Sasa msiba ukamfika. Fenesi la jirani lilianguka juu ya dishi lake la televisheni. Fenesi halikuumia. Dishi likawa chapati.

Masikini Suhail! Alikuja barazani macho mekundu, kilemba kimepinda. "Watakuwa wanaiba mchana kweupe," akaugua. "Wanajua sasa siwaoni!" Amerika nzima ilibaki yatima, na sisi, nasema kweli, tulipumzika. Nilishona kanzu nyingi kwa wiki moja kuliko nilivyoshona mwezi mzima.

Raha haikudumu. Siku moja huyo, anakuja anatabasamu. Kaunda dishi jipya kwa mikono yake! Tukenda kuliona tukasimama barabarani, tukainua shingo. Kweli lilikuwapo, juu ya ukuta wa ubavuni, jeupe linameremeta, limebonyezwa katikati kwa nyundo, na kijiti chake kimechomoza. Tukamsifu. Hatukumuuliza bati kalipata wapi. Mafundi tuna adabu zetu.

Ikaingia posa ya binti yangu, Aseel. Anaolewa Wawi, kwa mtoto wa Mzee Nassor. Watu wa Wawi ni watu wema, wana dini, wana mashamba, lakini ndimi zao! Kuna harusi moja ya Madungu wali ulitoka mbichi kidogo, kidogo tu, na mpaka leo yule bibi harusi wanamwita Punje. Ana watoto watano, na wanawe wanaitwa watoto wa Punje! Nikawa silali. Nikamwomba Mungu binti yangu aingie Wawi na jina lake nililompa.

Wiki ya harusi akaja Bi Fakhriya, mpishi mkuu wa shughuli zote za mtaa wetu. Mama huyu akionja mchuzi akikunja uso, bwana harusi hupaliwa.

"Fundi," akasema, "nimekwenda kuchukua vyombo. Sufuria lipo, mfuniko haupo."

Kitambaa kikanitoka mkononi, sindano ikaniingia kidoleni. Pilau bila mfuniko! Mjuzi yeyote anajua: maji yakishakauka sufuria hufunikwa, makaa ya vifuu vya nazi yakapaliwa juu ya mfuniko, moto ukawa juu na chini. Bila hivyo wali wa juu ni mbichi. Nikamwona Aseel wangu anaitwa Punje wa Pili.

"Bi Fakhriya, tufanyeje?"

"Muulize mtunza wenu," akanijibu, na midomo ikamcheza kidogo. "Nami nataka nisikie atajibu nini."

Nikamfuata Suhail mbio, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Bwana Suhail, mfuniko wa sufuria uko wapi?"

Akanitazama. Akajikohoza. "Fundi Seif," akasema, "hilo ni swali zuri."

Alaa!

"Na kabla sijalijibu, nimshukuru mama watoto wangu, na wazee wa mtaa walioniamini."

"Mfuniko, Suhail!"

"Suala hilo nimeliundia kamati. Na jambo lililo mbele ya kamati, mie kulizungumza si uungwana."

Kamati ilikuwa Rajab, shemeji yake. Ilikaa kibarazani kwake, ikanywa kahawa, ikatafuna kashata, ikatoa ripoti: vyombo vyote viko mahali vilipowekwa. Hapakuwa na uwongo ndani yake hata chembe, na ndiyo maana ilinipandisha damu.

Tena Suhail ndiye mkuu wa grupu la simu la mtaa, Sauti ya Jadida. Asubuhi simu zikalia: "TAARIFA RASMI. Hakuna mfuniko uliopotea. Puuzeni wazushi." Adhuhuri zikalia tena: "Mfuniko uliopotea ulipotea zama za mtunza aliyetangulia." Mtunza aliyetangulia ni marehemu Mzee Nyange, Mungu amrehemu, ambaye hana simu ya kujibu. Magharibi ikaja ya tatu: "Wataalamu wanasema pilau lisilofunikwa lina faida mwilini."

Wataalamu! Wataalamu gani? Nikaandika hapo hapo: "Wataje!" Haikwenda. Kumbe kashalifunga grupu, anaandika yeye peke yake.

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile tulidhani anawalaumu wale wakubwa wa Amerika na waandishi wao. Kumbe alikuwa chuoni, anajifunza kwao!

Ikafika siku ya harusi. Wageni wa Wawi wakaja alasiri, kanzu zinanukia udi, Mzee Nassor mbele na fimbo yake. Akdi ya ndoa ilikuwa baada ya magharibi, kwa hiyo wanaume wakakaa mtaani kwenye majamvi wakisubiri. Moto uliwashwa uani kwa Suhail, maana ua wake ndio mpana kuliko wote, na nyumba nzima ya nyuma wakaitwaa wanawake. Nikampelekea Bi Fakhriya ujumbe: mfuniko umepatikana? Akanijibu: "Mwambie mkwe wako atakula mpaka ukoko." Sikumwamini. Nikawa naitazama njia ya uani mpaka nikamwagia mgeni kahawa.

Na Msimamizi? Kageuza televisheni yake dirishani, ielekee barabarani, wageni wafaidi! Amerika kulikuwa asubuhi, na mkubwa mmoja yuko mbele ya Bunge, anahojiwa. Suhail kasimama kando ya dirisha kavaa joho, anatafsiri kwa fimbo.

"Waheshimiwa wakwe! Huyu bwana kapewa amana ya umma, haionekani. Mtamwona anavyozungukazunguka! Ndiyo kasoro ya Amerika, hakuna uwajibikaji. Sie kuno, alhamdulillahi..."

"Maashallah," akasema Mzee Nassor. "Mtaa wenu una msomi."

Mie niling'ata ncha ya kofia yangu.

"Sasa tazameni!" Suhail akapaza sauti. "Kaulizwa, amana iko wapi? Kamezwa na swali! Anafungua mdomo! Anajibu..."

Pap! Picha ikakatika. Chengachenga tupu, na mvumo kama wa nyuki.

Tena kutoka ubavuni mwa nyumba tukasikia kwaang! Na vigelegele juu yake.

"Nani anachezea dishi langu?" Suhail akaruka. "Wahujumu! Hawataki ukweli ujulikane!"

Kichochoroni akatokea Bi Fakhriya, kabeba dishi kichwani, wanawake nyuma yake wanapiga makofi. Nyuma kabisa, ngazi begani, ni Bi Manar, mke wa Suhail mwenyewe! Bi Fakhriya hakuwa na haja ya kupita mbele, njia ya uani ni fupi. Alipita makusudi. Akasimama mbele ya wakwe zangu, akaligeuza lile dishi, na mgongoni mwake tukasoma sote, hata wasiovaa miwani: JADIDA.

"Bwana Suhail," akasema Bi Fakhriya kwa upole, "mfuniko huu wa umma ulifikaje ukutani kwako?"

Suhail akatazama televisheni, haikumsaidia. Akamtazama Rajab, Rajab akatazama viatu vyake. Akatafuta maji ya kunywa, hayakuwapo.

"Sikumbuki," akasema.

Lahaula! Mzee Nassor ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Jamvi zima likaangua kicheko, mwenye jino na kibogoyo.

"Sasa Bi Fakhriya," nikasema, hasira na furaha zimenibana pamoja, "mliujua tokea lini?"

"Tokea siku aliyoutundika. Maandishi yanatazama uani. Uani hapiti mwanamme, basi akadhani hakuna macho. Sie tunaosha mchele pale kila siku, JADIDA inatutazama."

"Na mkaniacha nisilale?"

"Tulimpa siku aulete kwa mkono wake, roho yake isafike. Na weye, Fundi, hukutuuliza tulichokiona. Nyote mlikuwa mnaitazama Amerika."

Nikajitia kukunja jamvi.

Pilau lilitoka, jamani! Ule mbonyeo wa nyundo ulichukua makaa mara mbili ya kawaida, wali ukaiva punje kwa punje. Mzee Nassor aliomba sinia la pili. Aseel kaingia Wawi na jina lake. Mwenye jina jipya ni mwengine: Wawi nzima sasa wanamwita Bwana Mfuniko. Siku ile Bi Fakhriya alimpelekea sahani yake kwa heshima zote, kaifunika kwa kawa safi. Alipofunua, ukoko mtupu.

Vyombo sasa vinakaa kwa Bi Fakhriya, na ukuta wa Suhail umebaki na msumari. Juzi alasiri alikuja barazani, akakaa karibu na biskuti. Mwisho akanisogelea.

"Fundi Seif," akanong'ona, "kuna habari gani za Amerika?"

Nikasimamisha cherehani. Nikajikohoza.

"Hilo," nikamwambia, "ni swali zuri." Nikanywa maji, nikaendelea kushona.