Flashi Inayojikata Yenyewe

Sukari Karatu siku hizi ni ya kusikia tu, kuiona mpaka uwe na shemeji dukani. Kahawa ya Shaabani tunainywa chungu hivyo hivyo, tunaitia utamu kwa maneno. Asubuhi ile maneno aliyaleta Metui, dereva wa watalii tunayemwita Redio Krateri.

"Jamani, Mjerumani wangu ana kamera inayojipimia flashi! Ndani mna jicho linachungulia mwanga unavyoangukia filamu. Ukitosha tu, linaikata flashi!"

"Usitie chumvi!" Matano, mpigapicha wa mjini, aliruka. Sisi humwita Futi Kumi. "Flashi inapimwa kwa kamba yenye mafundo! Unaivuta toka kwenye kamera hadi kwa mtu, fundo linakwambia lenzi uifungue kiasi gani."

Patrisi, mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, alikuwa anaoa Jumamosi. Akaguna.

"Kwa kamba hiyo hiyo, kaka yangu Josephati katundika sebuleni picha ya harusi kashikana mkono na ukuta!"

Tulicheka mpaka benchi likalia.

"Gauni jeupe, ukuta mweupe!" Matano akajitetea. "Na niliona haya kufikisha kamba kifuani kwa mke wa mtu. Nikapima hadi kwa padri kule nyuma. Bibi harusi alikuwa karibu mno, flashi ikamla. Lakini padri alitoka safi!"

"Na mama mkwe wake kila akija anauliza bintiye alikuwa wapi! Mimi nataka picha yenye watu wawili, basi. Redio, niletee huyo Mjerumani."

"Keshakubali. Ila..." Metui akajikuna kisogo. "Anasema gauni likiwaka sana, lile jicho linadhani mwanga umetosha. Linakata mapema. Mwenye suti nyeusi anabaki gizani."

"Gizani kiasi gani?"

"Kola itaonekana."

Shaabani akatua birika. "Kwa hiyo kamera ya Matano inafuta bibi harusi, ya Mjerumani inafuta bwana harusi?"

"Vaa kanzu, Patrisi!" nikamshauri.

"Kanisani, kaka?"

Alikuwa karibu kulia, maskini. Kumbe Blandina, mchumba wake, alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote na debe la mahindi kichwani. Akakohoa.

"Wanaume wazima, jambo dogo hivyo linawashinda? Leteni ya Mjerumani. Kola yake inanitosha."