Kioo cha Dirisha la Mama

Jumatatu, 8 Julai
Baridi! Tena ndani ya nyumba, si barabarani. Dirisha la chumba cha mama halina kioo tangu mvua ya mawe, na mwenye nyumba wimbo wake ni kesho, kesho. Nimewasha hita, tokeni za umeme zikaisha kabla chai haijapoa. Mama kakohoa mpaka kitanda kikalia. Kasema hali ikiwa hivi atahamia kwa dada yangu. Kwa dada! Shemeji atanisimanga mpaka kaburini. Redioni wamesema joto la nyumbani ni haki ya binadamu. Sasa sisi ni nani, mbuzi?

Jumanne, 9 Julai
Nimemwendea mwenye nyumba, kifua mbele. Nikamhubiria haki za binadamu palepale mlangoni. Akaniuliza kama binadamu hao huwa wanalipa kodi mapema. Ufedhuli! Yeye kavaa koti zito na hita inanguruma nyuma yake. Mke wangu kasema niache makelele, atakwenda yeye kuongea naye taratibu. Taratibu! Haki hainong'onwi. Isitoshe mimi ni fundi sofa, sponji ninazo.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeweza! Sponji dirishani, matambara chini ya mlango, maboksi juu ya dari. Hita kidogo tu, na joto limetulia. Mama kalala bila kukohoa hata mara moja. Nimesimama mlangoni nikimsikiliza anavyopumua, raha tupu. Sofa ya mteja wangu, mwalimu mkuu, imebaki mbavu, lakini atasubiri. Mpangaji mwenzetu fundi viatu, ambaye dirisha lake nalo limevunjika, kachungulia na kusema chumba kinanuka godoro kuukuu. Wivu!

Ijumaa, 12 Julai
Mwenye nyumba kaja. Na fundi. Na kioo! Kumbe mke wangu kambembeleza mpaka kalainika. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Lakini yule bwana kashangaa, kauliza mbona humu hamna baridi. Ningeachaje? Nikamzungusha chumba kizima, nikampa somo la sponji. Kasikiliza, kanisifu, kisha kasema kumbe kioo hakihitajiki. Kikaenda kwa fundi viatu! Mke wangu kaingia jikoni akafunga mlango. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Julai
Mvua. Sponji imekunywa yote, sasa inatema ndani, kitandani kwa mama. Kikohozi kimerudi na jamaa zake. Shemeji kaja kumchukua, na kaniuliza kwa upole kama nami nahitaji blanketi. Mshenzi! Mama kanishika shavu, mkono wake barafu. Kasema hanikimbii mimi, anaikimbia baridi. Nimejifungia chooni nikalia. Kwa nini mama wa mtu afukuzwe na upepo?

Jumatano, 17 Julai
Mke wangu kamrudia mwenye nyumba, safari hii na mama mwenyewe, akakohoa mbele yake. Yule bwana kashindwa. Kesho kioo kinakuja na mama anarudi! Mimi nimeamriwa nifunge mdomo nitetemeke, basi. Nimeapa. Ila mama hawezi kupokelewa na chumba cha baridi, hapana. Nimekiziba upya, mara hii na nailoni juu ya sponji, halipenyi hata tone. Joto safi! Mwenye nyumba nitamwonyesha kidogo tu, ajue na sisi tuna akili.