Diski ya Pili ya Antonia

Jumatatu, 5 Mei. Mitole.

Nadai, na nitalitetea dai hili mbele ya mtu yeyote: hakuna diski mbovu, kuna msomaji asiye na subira. Nimeliandika mapema ili asije mtu kunipokonya.

Chanzo ni jirani yetu Antonia. Ijumaa ana usaili wa ukarani Kilwa Masoko: kupiga chapa maneno arobaini kwa dakika, bila kutazama vidole. Akikosa, anarudi kubangua korosho mwaka mwingine. Mjomba wake aliyeko Songo Songo amemtumia kompyuta ya mezani, ya zamani, pamoja na programu ya kujifunzia uchapaji iliyomo kwenye diski. Nikajitolea kuisakinisha. Mimi ni mhitimu wa falsafa. Nani mwingine?

Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, taratibu, kama mtu anayetembea usingizini. Niliutazama hadi nikasahau nilipo. Nikajiona na Antonia katika nyumba yenye vitabu hadi darini, madirisha wazi, mapazia yakipumua. Mstari ukasimama. Ujumbe: faili halisomeki.

Dadi, fundi simu wa hapa kijijini, alipita akachungulia dirishani. Alishauri niioshe diski kwa maji na sabuni, niifute kutoka katikati kwenda ukingoni. Akaongeza, bila kuombwa: "Kuinstoo siyo kusali, msomi. Hata ukikodoa macho, haiongezi mwendo." Nikamjibu kwamba neno sahihi ni kusakinisha. Akaondoka akicheka. Ushindi wangu.

Jumanne, 6 Mei.

Nimeiosha kwa maji na sabuni. Si kwa sababu ya Dadi! Wazo nilikuwa nalo tangu awali, sikuwa nimelitamka tu. Mstari ukavuka pale uliposimama jana. Kisha ujumbe mpya: weka diski ya pili.

Diski ya pili haikuwapo. Niliutafakari ujumbe huo kwa saa nzima, chali mkekani, mwanga wa diski ukielea ukutani kama samaki wa rangi. Ghafla nikang'amua. Kanda za marehemu babu zilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili! Nikaigeuza diski juu chini. Mashine ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Sasa inakataa kuirudisha.

Antonia aliuliza, kwa upole mno, kama tutawahi. Nilimweleza kwamba wakati ni dhana. Akasema, "Sawa, kaka Lukas, lakini basi la Ijumaa siyo dhana."

Kaka!

Jumatano, 7 Mei.

Dadi ameitoa diski. Alichomeka pini kwenye kitundu kidogo chini ya mlango wa diski pale kwenye kompyuta, mlango ukajifungua. Nilikuwa nimekiona kitundu hicho siku zote. Nilidhani ni cha hewa. Kisha akaisoma diski kwa sauti: ya kwanza kati ya mbili. Imeandikwa hivyo juu yake, kwa herufi nene. Kwa kweli nilikuwa nimejikita upande unaong'aa.

Hapo Bi Yustina, mama yake Antonia, aliacha kupepeta mchele akainua kichwa. "Kumbe mnaitafuta ile nyingine? Mbona iko shamba, inafukuza ndege!" Aliziona zinafanana, akadhani moja ni ya kutumia na moja ya akiba, na hapa kwetu diski isiyo na kazi hufungwa uzi ikaning'inizwa kwenye mpunga. Antonia alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalitikisika. Sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

Nikaenda mwenyewe kuifuata. Saa nne asubuhi. Lo! Ilikuwa ikijizungusha juu ya masuke yaliyoanza kuiva, ikimwaga zambarau na kijani juu ya mpunga, juu ya mikono yangu, juu ya shati. Ndege walikaa mbali, kimya. Nami nikakaa. Nikawaza kwamba huenda elimu nayo haina kazi kubwa kuliko hii: kuning'inia mahali pamoja na kumulika. Nilipozinduka jua lilikuwa limeinama, na akina mama wa shamba la jirani walikuwa wakiulizana kwa sauti nimewekwa na nani kuamia ndege.

Alhamisi, 8 Mei.

Diski ya pili imejaa mikwaruzo. Faili halisomeki. Nimeiosha. Halisomeki. Dadi alitaka tunakili kwanza kila kinachosomeka, tukitafute kilichobaki kwa mafundi wenzake mjini. Nilikataa: kukubali hivyo ni kukiri kwamba diski ni mbovu. Tulibishana hadi Bi Yustina akatufukuza. "Kabishanieni uani, baba zangu, mtoto ana mtihani kesho!"

Kupitia dirishani nilimwona Antonia akiifunga programu yangu. Akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia barua, akaegesha kitabu chake cha sala, akaanza kukinakili. Mama yake alishika simu, akihesabu dakika. Maneno thelathini na sita. Thelathini na tisa. Nilipouliza alianza lini zoezi hilo, alijibu bila kugeuka: "Jana, kaka Lukas, ulipokuwa shamba. Palikuwa kimya siku nzima. Nilijifunza vizuri sana."

Jumamosi, 10 Mei.

Amefaulu! Arobaini na manne! Ataripoti kazini mwezi ujao. Vigelegele tangu asubuhi. Bi Yustina amemshukuru Mungu, mjomba, na kitabu cha sala. Jina langu halikutajwa, nami sikuwakumbusha.

Lakini hebu tufuate hoja. Asingejifunza bila ukimya. Ukimya usingepatikana kama nisingekuwa shamba. Na shamba nilipelekwa na nini? Na diski ya pili! Kwa hiyo diski hiyo imemfundisha Antonia uchapaji bila hata kusomwa. Ipo programu gani yenye nguvu kuliko hiyo?

Nasikia Dadi anatangaza kibandani kwake kwamba diski ile inawafaa ndege tu. Vema. Nimebandika barua kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kurasa sita. Namtaka ajibu hadharani, Jumatatu saa nne, kijiji kizima kikisikia: kwa hoja, si kwa kicheko, na aseme kusakinisha.