Kidole cha Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya sita wodini. Homa imeondoka, kifua bado kizito, kama nimelaliwa na gunia. Daktari anasema ni virusi, wala si feni ya saluni kama nilivyomweleza. Asubuhi na jioni anakuja Bi Makofi, mtaalamu wa mazoezi ya kifua. Ananilaza ubavu, anakunja viganja, ananipigapiga mgongoni mpaka makohozi yaachie. Nimemwambia mimi kinyozi, sijawahi kumtendea mteja hivyo. Akasema nivute pumzi ndefu na nipunguze maneno.

Mke wangu kaleta habari mbaya. Mwenzangu wa saluni ameanza kunyoa wateja wangu. Tena kwenye kiti changu! Lazima nitoke wiki hii.

Jumanne, 5 Machi

Sharti la kutoka: nitembee korido nzima bila mpira wa oksijeni, kisha kibanio cha kidoleni, kile cha kupima oksijeni ya damu, kisome tisini na nne. Leo nimepata tisini na moja. Nusu ya njia nilishika ukuta.

Nimepata akili. Nyuma ya pazia, kitanda cha pili, yuko fundi cherehani. Mzima kabisa! Anacheka, anatania wauguzi. Bi Makofi akija, anamwambia mazoezi keshafanya, akawahudumie wagonjwa. Nimemwomba aniazime kidole. Kakubali, mradi nimnyoe ndevu.

Jumatano, 6 Machi

Nimetembea, nimerudi nahema. Nikajilaza, mkono wangu chini ya shuka. Fundi akapenyeza wake kwenye pazia. Bi Makofi akabana kidole. Themanini na mbili! Nikasema kibanio kibovu. Akabana kidole kingine. Themanini na moja! Akautazama ule mkono, vidole vimejaa alama za sindano. Akaufuata hadi kwa mwenyewe.

Fundi bado alikuwa anacheka, midomo rangi ya majivu. Mara wauguzi wamejaa, barakoa ya oksijeni usoni, wamemlaza kifudifudi. Mimi nikachambwa mbele ya wodi nzima. Nililia kidogo. Nimetaka kuazima pumzi kwa mtu asiye nayo.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbili Bi Makofi hajabanduka kando ya fundi. Leo fundi amekohoa kitu kizito, akavuta pumzi, akaomba uji. Tisini na mbili! Wodi nzima tumeshangilia. Mkewe kanishika mikono yote miwili, analia, anasema bila mimi angekuwa mjane, maana mumewe alikuwa anaisha huku akitania. Sikumsahihisha. Nimemshukuru Mungu. Nimemshukuru Bi Makofi kwa moyo wangu wote, kwa mgongo wa fundi na kwa wangu. Nami nimefika tisini na tano, kwa kidole changu mwenyewe. Kesho naenda nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani raha! Bi Makofi kapiga simu. Anataka nivute pumzi ndefu mara kumi, kisha nikohoe, asikilize. Zoezi hata moja sijafanya tangu nifike. Bahati nzuri shemeji, kaka wa mke wangu, yupo sebuleni, kaja kunijulia hali, kifua kipana kama mlango. Nikampa simu. Akavuta. Akakohoa. Kikohozi kirefu, chenye maji, hakiishi.

Bi Makofi akasema nirudi kesho asubuhi na mapema, na nije na nguo za kulalia.

Shemeji hajui bahati aliyonayo. Nimemwacha amalize chai yake. Shukrani atanipa wodini.