Nilivyowafundisha Kupendana Mbele ya Uhamiaji

Leo nimefukuziwa jikoni nyumbani kwa kaka yangu mwenyewe, na aliyeshuhudia ni afisa wa uhamiaji. Nasimulia mapema kabla mwenyekiti wa mtaa hajanitangulia (naye alikuwepo, na mdomo anao).

Niwape mambo kwa mpangilio. Kaka yangu Hamisi ni fundi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo bandarini, huko Omani. Mkewe, wifi yangu Atija, ni Mmakua wa Msumbiji. Alipoolewa alikuja Nachingwea na Ancha, binti yake wa ndoa ya kwanza, enzi hizo hata meno ya mbele hana. Sasa Ancha yuko kidato cha tatu na anataka kusomea uuguzi. Wanaishi na mama yetu mzazi, Mmwera wa Malolo, ambaye Kiswahili chake amekitenga kwa ajili ya wageni na ugomvi.

Atija ameomba uraia, wa kwake na wa binti yake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya afisa kuja nyumbani kuona kama hii ni familia kweli au ni ndoa ya makaratasi. Mume yuko ng'ambo, kwa hiyo wasiwasi wa serikali una msingi. Afisa akiondoka hajaridhika, mama na binti wataendelea kuishi kwa vibali kama wapita njia, na ule uuguzi wa Ancha utakuwa hadithi.

Mimi naishi Ruangwa, ni katibu wa kikundi chetu cha kina mama, na katika ukoo huu ndimi mtu wa ratiba. Nikajiteua kusimamia maandalizi (hakuna aliyeniomba).

Tatizo nililiona mapema: utani. Mama na Ancha hawajawahi kuzungumza kistaarabu tangu wafahamiane. Bibi na mjukuu wake ni wake wenza, kama ilivyo kwetu sote, ila hawa wawili wamezidi. Marehemu baba yangu, ambaye Ancha hakuwahi hata kumwona, wanamgombania kila siku. Nikawaza: afisa akiyasikia haya ataandika nini?

Nikapiga marufuku. Juzi kwa simu, jana kwa simu, na leo nilipofika na gari la asubuhi nikarudia tena ana kwa ana.

"Mama, leo hakuna mke mwenza. Leo ni mjukuu wangu mpendwa."

"Mpendwa ndiyo nini?" Mama akauliza.

"Sema tu, Mama. Na mkiulizwa mnaishije, semeni: tunaishi kwa upendo na amani."

Atija alikuwa anapanga mihogo kwenye sinia. Akaniangalia kwa upole. "Wifi, una hakika?"

"Nina hakika."

Afisa akaja na mwenyekiti. Afisa ni dada mmoja mtulivu, umri wa mdogo wangu, anayesikiliza zaidi ya anavyosema (hao ndio wa kuogopwa). Akamwamkia Mama, akakaa, akauliza.

"Bibi, huyu binti ni nani wako?"

"Mjukuu wangu mpendwa. Tunaishi kwa upendo na amani."

Swali la pili alikuwa hajauliza bado.

Akamgeukia Ancha. "Na wewe, bibi yako mnaishi naye vipi?"

"Tunaishi kwa upendo na amani," akasema Ancha, macho ukutani.

Atija akaulizwa kuhusu mama mkwe. Naona alitaka kusema lake, lakini nilikuwa nimemkodolea macho. Akasema upendo, akasema amani.

Afisa akafunga kalamu. "Mama Ancha, nisikufiche. Nyumba nilizoingia ni nyingi. Watu wanaoishi pamoja hawazungumzi hivi. Siwezi kuandika kwamba nimeona familia, maana sijaiona."

Atija alishika ncha ya mtandio wake akaiachia, akaishika tena. Ancha akanyanyuka kwenda kuleta chai, nadhani ili asionekane analia.

Chai ikaja. Mama akanywa funda moja. Nikamwona anajizuia. Akanywa la pili, akashindwa.

"Chai gani hii? Mume wetu angekuwa hai, leo leo ungerudi Msumbiji."

Ancha hakufikiri hata kidogo. "Angenifuata, Bibi. Si chai yako ndiyo iliyomuua?"

Msumbiji. Mbele ya uhamiaji. Nikaruka kutoka kwenye kiti na maneno yakanitoka bila kibali cha kichwa:

"Samahani, afisa, hawa hawajazoeana!"

Mwenyekiti akapaliwa na muhogo.

Afisa akanitazama taratibu. "Hawajazoeana?"

"Ndiyo. Yaani hapana. Wamezoeana, ila si sana."

"Wamekaa pamoja muda gani?"

"Miaka tisa."

Akamgeukia Mama. "Bibi, na huyu ni nani?"

Mama akanikagua toka kichwani hadi miguuni, mimi, mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Huyo simjui. Kaja na gari la asubuhi kutoka Ruangwa. We dada, nenda jikoni kaangalie moto."

Nikaenda. (Moto ulikuwa umeshazimwa.) Yaliyofuata nimeyasikia kupitia dirishani, na nakiri yalikwenda vizuri zaidi bila mimi. Mama alimweleza afisa jinsi alivyougua masika, na Atija akamhudumia kitandani mpaka akasimama, huku Ancha akimwimbia nyimbo za kumkebehi ili akasirike ale. "Nilikula kwa hasira," Mama akasema. Afisa alicheka kwa sauti.

Kisha akauliza swali gumu. "Mama Ancha, mume hayupo. Ukishapata uraia, nitajuaje kama hutaondoka ukaenda zako?"

Nikataka kurudi sebuleni nimsaidie. Bahati nzuri nilikuwa nimeshikwa na aibu.

"Kuondoka hakuhitaji uraia, afisa," Atija akajibu, sauti yake ile ile ya kupanga mihogo. "Naweza kuondoka leo. Kubaki ndiko kunakouhitaji. Pasi ya kusafiria ya kwetu nitaikabidhi, najua. Mama huyu sitamkabidhi kwa mtu."

Kule jikoni nikakaa juu ya kinu. Siku tatu nzima nilihangaika kumpa huyu mwanamke maneno ya kusema.

Afisa alipoaga alipitia dirishani kwangu. "Uamuzi si wangu, unapanda juu," akasema. "Lakini nitaandika nilichokiona." Halafu akaongeza: "Kasoro wewe. Wewe sikukuona."

Jioni hii Hamisi amepiga simu kutoka Maskati, anauliza maandalizi yangu yamesaidiaje. Nimemwambia mtandao unakatakata.

Mkicheka, chekeni kwa upendo na amani.