Tanga la Ivanilda Linapiga Makofi

Jumatatu, 9 Februari

Binti yangu Ivanilda kaniletea habari nikiwa nakaanga kachupa ya jana, mahindi na maharagwe yaliyobaki. Nho Adérito, mwenye kibanda cha kukodisha mbao za tanga pale ufukweni, zile wageni wanazosimama juu yake upepo ukawasukuma, anataka mtu mmoja wa kudumu. Kazi: kufunga matanga, kuyachagulia milingoti, kuwakabidhi wageni. Si kibarua cha msimu! Mwaka mzima, na bima ya matibabu.

Wanaoshindania ni wawili. Mwanangu. Na Jandira, binti wa Nha Etelvina muuza samaki. Kisiwa kizima cha Sal, na lazima awe huyo! Mama yake hajanisalimia vizuri tangu nilipomshonea mapazia. Alitangaza mlangoni mwa kanisa kwamba upande mmoja unacheka na mwingine umenuna.

Mtihani ni Jumamosi. Kila msichana atapewa tanga, alitafutie mlingoti unaolifaa, alifunge, kisha Adérito mwenyewe aingie nalo majini.

Nikamuuliza, na ukikosa? Akasema akikosa atakwenda Boavista, kisiwa jirani, kuna hoteli inatafuta wasichana wa kufua mashuka. Kalisema hilo huku anatafuna, kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti. Dada yake Suzete alikwenda Lizboni kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa saba. Mjukuu wangu namwona kwenye simu tu, na kila akiniona analia.

Haondoki mtu hapa. Nimeamua.

Kachupa imezidi chumvi. Nadhani ni machozi.

Jumanne, 10 Februari

Mpango wa kwanza: tumbo la Adérito. Mwanaume hana mke, anakula mikate ya wageni. Nikampelekea jibini la mbuzi na jamu ya papai niliyopika mwenyewe. Akashukuru sana. Akasema daktari kamkataza jibini. Akampa Jandira, aliyekuwa anafagia mchanga mlangoni.

Jandira kalimaliza lote mbele ya macho yangu! Akalamba vidole, akaniambia, "Nha Fortunata, mkono wako mtamu, Mungu akuzidishie." Mtoto ana adabu. Ndiyo inayouma zaidi.

Nilipokuwa pale nikaitazama hiyo milingoti. Kila mmoja ni vipande viwili, cha chini kinene na cha juu chembamba, vinachomekana. Vyote vyeusi. Nikamuuliza Ivanilda atajuaje upi ni wa tanga lipi. Akasema kuna urefu, halafu kuna mpindo. Mmoja hupinda zaidi kileleni, mwingine hupinda sawasawa mwili mzima, na kila tanga limekatwa kwa mpindo wake. Ukilivisha tanga mlingoti usio wake ni kama kumvalisha bibi harusi mnene gauni la mdogo wake.

Hapo nikaelewa! Shule niliishia darasa la nne, lakini nguo nazijua. Na matanga pia, maana mwaka wa nne huu nayatia viraka. Yanakuja yamekunjwa, nayafungua sakafuni, nashona, yanarudi. Baharini kwenyewe sijawahi kuingia zaidi ya magoti.

Jumatano, 11 Februari

Leo kibandani wameiosha milingoti yote kutoa mchanga. Wameivua vipande vipande, wameianika, wamekwenda kula. Nikapita. Hakuna mtu.

Nikapata wazo. Niwapangie milingoti yao vizuri, halafu niseme kafanya Ivanilda. Mwajiri gani hapendi msichana nadhifu? Nikapanga vipande vya juu, kirefu hadi kifupi. Nikapanga vya chini vivyo hivyo. Kisha nikaozesha kila kimoja na cha kimo chake, kama vijiko kabatini. Jasho lilinitoka. Kazi safi! Nilisimama mbali nikaitazama kwa dakika nzima.

Saa kumi, balaa. Kumbe kila kipande cha juu kina mwenzake wa chini, wametoka kiwandani pamoja. Kuingiana vinaingiana, ila mlingoti unapinda ovyo. Wageni wanne wamerudi wamebeba matanga yaliyokunjamana kama miavuli iliyopigwa na tufani. Mjerumani mmoja alitukana kwa lugha yake, akapumzika, akaendelea. Adérito akapiga kelele, mwendawazimu gani kaingia humu? Nilikuwa napita tu njia. Nikaendelea kupita.

Lakini sikiliza! Ivanilda kaketi mchangani na makreti mawili ya bia. Anaegemeza kipande juu yake, anakikandamiza katikati, anatazama kinavyopinda, anatafuta alama zilizofutika, anakirudisha kwa mwenzake. Milingoti kumi na saba! Jandira alirudisha sita, akachoka. Adérito akasema mbele ya watu wote kwamba huyu msichana ana mikono yenye macho.

Basi nani kampa nafasi ya kuonekana? Mimi. Sikumwambia. Wema haujitangazi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeaibika leo. Sina hamu hata ya chakula.

Nilimpelekea Ivanilda wali na jodari ufukweni. Nikamkuta anafanya mazoezi. Kaukanyaga mlingoti kwa mguu, anavuta ile kamba ya chini mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Anavuta kama anamtoa ng'ombe kisimani. Na baada ya kazi yote hiyo? Tanga limelegea! Ukingo wa nyuma, kule juu, unaning'inia na kupepea, umejaa mikunjo. Mimi nikitoa kazi ya namna hiyo mteja anaivaa akija kunitukana.

Na ndipo Etelvina akatokea gatini na beseni la samaki kichwani. Akasimama. Akacheka mpaka akalishika beseni kwa mikono miwili. "Nha Fortunata! Tanga la mwanao linatupigia makofi. Tuinuke tuitikie, au tungoje wimbo wa pili?"

Wavuvi wote wakaangua kicheko. Nimeyaandika majina yao.

Nikamwambia Ivanilda alikaze. Akafuta jasho, akaniambia, "Mama, tanga zuri ukilitazama mchangani ni baya. Lazima lilegee pale juu, ili upepo ukizidi upate pa kutokea. Lililonyooka kama shuka la hoteli ndilo linalokutupa."

Nimemsikia. Nimelifikiria njia nzima. Mtoto amechoka, anajitetea. Katika maisha yangu sijaona kitu kibaya kikawa kizuri kwa kutiwa majini, isipokuwa maharagwe.

Ijumaa, 13 Februari

Adérito kagawa matanga ya mtihani. Kila mmoja aende nalo nyumbani, alioshe chumvi, akague mishono. Ivanilda kapata la mita za mraba tano na robo, jekundu, karibu jipya. Nikampa maji yangu ya kuoga, ndoo nzima. Yeye ni mwanangu, mimi nitanuka.

Alianika tanga darini, likakauka. Akaenda kibandani kuchagua mlingoti. Karudi anaimba! Kaupata wenyewe, ule unaopinda kileleni. Kanikumbatia kwa nyuma nikiwa kwenye cherehani, kaniambia, "Mama, safari hii nadhani tunakaa." Tunakaa. Kasema hivyo. Halafu kaenda mazoezi ya kanivali na wenzake.

Nimebaki mimi na tanga.

Nina sketi tatu za kanivali hazijapindwa, wenyewe wanazitaka kesho. Nikaziweka kando. Nikalitandaza tanga sakafuni. Nikapitisha mkono kwenye ukingo wa nyuma, kule juu. Na kweli! Pana ziada. Yeyote mwenye sindano angeiona. Kitambaa kimezidi, ndiyo maana kinapiga makofi. Aliyelikata alikuwa na haraka, au mlevi.

Nikapunguza. Mikunjo mitatu tu ya kushonwa, upana wa vidole viwili kila mmoja. Uzi mwekundu ili usionekane, mshono wa zigizaga. Sindano mbili zimevunjika, ya tatu ikakubali. Nilipolitandaza tena, ah! Limenyooka kama shavu la mtoto mchanga.

Nikalikunja kama nilivyolikuta. Nikapiga magoti mbele ya Bikira, nikaomba radhi mapema, endapo itahitajika. Haitahitajika.

Jumamosi, 14 Februari

Nitaandika kwa ufupi.

Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Watu wamejaa. Jandira akaanza. Tanga lake lilikuwa limelegea kule juu, linapepea, aibu tupu. Nikacheka kwa sauti. Nilicheka peke yangu. Adérito akaingia nalo, akapita mbele yetu kama mshale, akageuka, akarudi. Akasema liko sawa, na mlingoti ndio wenyewe. Etelvina akapiga ishara ya msalaba.

Zamu ya Ivanilda. Akavuta kamba ya chini. Akavuta tena. Akatazama juu, akakunja uso. Akauchomoa mlingoti, akausoma, akaurudisha, maana ndio wenyewe. Akavuta mara ya tatu mpaka kamba ikamkata kiganja. Na tanga? Halina hata kunyanzi moja! Linang'aa! Nikamgusa mama mmoja nisiyemjua, nikamwambia, lile pale ni la mwanangu.

Kisha Ivanilda akapitisha kidole ukingoni. Kidole kikasimama. Akageuka, akanitafuta kati ya watu, akaniona.

Nikampungia mkono.

Alimwambia Adérito asiingie nalo, lina kasoro. Adérito akasema mtihani ni mtihani, kasoro ataijua huko huko. Hakufika mbali. Upepo ulipozidi, tanga halikuwa na pa kuutolea. Likamng'oa ubaoni na kumbwaga mbele, na mlingoti ukakatika, mlio wake tuliusikia mpaka mchangani. Alirudi kwa miguu, maji kiunoni, damu puani, nusu ya mlingoti begani.

Akalitandaza tanga. Akaiona mikunjo yangu. Akauliza, nani kashona hapa?

Ivanilda akasema, "Mimi."

Nilitaka kusema! Namwapia Bikira, mdomo ulifunguka. Lakini nikafikiri: nikikiri, hataniletea tena matanga ya kutia viraka, na tutakula nini? Halafu mtoto ameshasema. Mimi mama yake mzazi nimkanushe mbele ya umati, ni heshima hiyo? Nikaufunga. Ilikuwa kwa ajili yake.

Adérito akasema, jana ningeapa kwamba wewe ndiye. Basi.

Kazi kapata Jandira. Nilingoja Etelvina aje kunicheka, nilikuwa na jibu tayari. Hakucheka. Alipita karibu nami, akaniambia polepole, "Fortunata, nenda kaseme." Fortunata tu, bila Nha, kama tulivyokuwa wasichana. Nikamwambia samaki wake wananuka. Walikuwa wananuka kweli.

Jumapili, 15 Februari

Tumekwenda misa, tumerudi. Ivanilda hajanigombeza. Nilijiandaa kugombezwa, nilikuwa na maneno yangu. Hayana pa kwenda sasa, yamenikaa kifuani.

Kachemsha kahawa, kanipa mimi kwanza. Kiganja chake kimefungwa kitambaa. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini. Nikamwambia tanga lilikuwa limelegea. Akacheka kidogo, si kicheko nikipendacho. Akasema, "Mama, wewe kitu kikipumua tu unaona kimelegea."

Sikuelewa. Nikamwongezea sukari.

Meli ya Boavista ni Jumatano asubuhi. Atakaa miezi sita, kasema. Nilijishika kwenye meza. Akasema Boavista ni pale tu, siku hewa ikiwa safi nitaiona kutoka gatini. Sitaki kuiona. Nataka yeye aione, akiwa hapa, amesimama na mimi.

Nimekaa nikajichunguza, kama padri alivyotuhimiza leo. Kosa langu nimeliona. Vidole viwili vilikuwa vingi. Ningepunguza kimoja. Tanga lingenyooka vilevile na Adérito angerudi amekauka. Hilo nimejifunza, na sirudii tena.

Ivanilda kaenda kumpongeza Jandira. Kaenda mwenyewe, hakutumwa! Mtoto huyu atakufa kwa wema. Begi lake kaliacha wazi juu ya kitanda, bado tupu.

Nimelikagua. Zipu imechoka. Meno mawili hayashiki kabisa. Fikiria meli inayumba, begi linafunguka, nguo za ndani za binti yangu zinatembea mbele ya mabaharia! Mama gani angeliacha hivyo?

Nitalishona kidogo. Mdomo wote, upande hadi upande, uzi wa tanga mara mbili, mshono wa karibu karibu. Najua bado halijatiwa nguo. Atakapotaka kuzitia itabidi afumue, na kazi yangu haifumuliwi kwa siku tatu. Sasa meli ikiondoka, ni kosa la nani? La zipu.

Cherehani haiwezi kupita hapa. Nimechukua ile sindano nene ya mkono, na ya pili ya akiba, maana ya kwanza itavunjika.